Shilingi ya Ngozi Mbili: Jeneza Langoni

"Msimtoe! Wekeni jeneza chini! Huyo mzee hana kosa, na babake pia hakuwa na kosa, na ushahidi ninao hapa!"

Wiki jana kelele hizo zilitukuta langoni, msomaji wangu, wewe na mimi na vijana waliokuwa wamembeba Mzee Sylvanus Shitanda mabegani. Wengi wenu mmenilaumu kwa kuwaacha vijana wa watu na mzigo wiki nzima. Poleni. Hata wao wamechoka.

"Mzee, tuweke ama tuendelee?" aliuliza Bravin, aliyekuwa upande wa kichwani. "Hii kitu ni nzito."

Macho yote yalikuwa kwa mgeni aliyepiga kelele, jitu refu lenye koti la mvua, limekumbatia ubao uliofungwa kwa gunia. Alikuwa akihema. Alisema anaitwa Cheruiyot, mkulima wa mahindi wa Lugari, na kwamba pikipiki imemharibikia njiani.

Mideva, binti mkubwa wa marehemu, alimtazama mtu huyo jinsi unavyotazama mvua ya kwa jirani. Maneno yake aliyasikia, akayaelewa yote, ila hayakumgusa. Tangu simu ya hospitali imkute kazini, kule maabara ya kiwanda cha sukari Butali, mwili wake wote ulikuwa kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi. Hakulia aliposhuka garini Lubao. Hakulia alipoingia bomani, mahali ambapo binti hutarajiwa aingie akipiga mayowe ya kusikika ng'ambo ya mto. Mdogo wake Lynette alilia kwa niaba ya wote wawili mpaka sauti ikakauka, huku Mideva amesimama kando na bati la biskuti kifuani, akiuliza kama maji ya chai yamechemka.

Wanawake jikoni walikuwa wameshamjadili na kummaliza. Mtoto gani huyu asiyemlilia babake?

Ndani ya bati hilo ndimo lilimokuwa balaa lote. Kama umeingia leo katika hadithi hii, vuta kiti, nitakueleza upesi.

Wakati wa Vita vya Pili sarafu ziliadimika, serikali ya mkoloni ikatoa shilingi moja ya karatasi yenye kichwa cha mfalme. Watu wa huku walikuwa wamezoea shilingi inayolia ikianguka, hiyo ya karatasi hawakuijua vizuri, na penye mgeni hapakosi mjanja. Haukupita muda shilingi bandia zikaanza kuzunguka sokoni. Patroba, babake Sylvanus, alirudi kutoka Burma na medali yake, na hakukaa sana akakutwa na shilingi hizo bandia ndani ya sanduku lake la jeshi. Hakujitetea. Alisema neno moja tu: "Zangu." Akafungwa, akafia gerezani, akaja kuzikwa nje ya ua wa boma lake mwenyewe, kando ya kijia cha mtoni, anapozikwa mtu ambaye ukoo hautaki kumkumbuka. Juu ya kaburi hilo wazee wakala kiapo walicholishwa na mkubwa wa ukoo wa siku hizo: aliyezitengeneza pesa zile na atakayeziweka nyumbani, wote watalala nje.

Sylvanus akakua akiitwa mtoto wa shilingi ya uongo. Alipopata vijisenti vyake akaanza kuzitafuta shilingi zile bandia, kuzinunua na kuziweka ndani ya bati hilo, akiamini kwamba siku moja zitamtaja aliyezitengeneza. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Ukimletea shilingi halali ya vita, safi kama imetoka benki asubuhi ile, alikurudishia: "Hii ni ya kweli, bwana, hainisaidii." Kuna mtu alitoka na moja Khwisero kwa bodaboda, akarudi nayo hivyo hivyo akitukana njia nzima.

Sasa amekufa, na kiapo kimemsubiri. Kaburi lake lilikuwa limechimbwa nje ya ua, kando ya babake. Na Mideva, pamoja na ganzi yake yote, alitaka jambo moja tu duniani: babake azikwe ndani ya boma, mbele ya mlango wake, kama mwenye boma.

Haya, sasa tuko pamoja. Turudi langoni.

"Wekeni," alisema Mzee Osiako.

Jeneza likashushwa juu ya mawe mawili, nusu ndani ya lango, nusu nje. Osiako ndiye mkubwa wa ukoo, kama babake alivyokuwa kabla yake, na fimbo aliyoegemea ilikuwa ya babake pia. Juu yake babake alikuwa amechonga kichwa cha mtu, masikio yameshuka mpaka usawa wa taya, kana kwamba yamechoka kusikiliza kesi za mashamba. Osiako aliigonga chini mara mbili.

"Wewe ni nani unasimamisha mwili kwa njia?"

"Mimi ni rafiki ya marehemu, mzee. Mimi pia nakusanyanga hizi noti bandia. Tumebadilishana miaka mingi."

"Kumbe mko wengi!" sauti ya mwanamke ilitoka hemani, na kicheko kikapita, kikafa.

Cheruiyot alifungua gunia. Ulikuwa ubao wa kaunta, mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa, na katikati yake msumari wenye kutu umeishika shilingi ya karatasi.

"Zamani duka likipata pesa mbaya, inapigiliwa hapo juu ya kaunta, kila mtu aione," alieleza. "Huu ubao umetoka kwa duka la Mzungu, kwa shamba yetu kule Lugari. Huyo Mzungu alifunga duka vita bado iko. Mlango ukapigwa misumari, haukufunguliwa mpaka sisi tulipogawiwa shamba. Baba yangu ndiye alivunja. Hii noti ilikuwa hapa hapa. Sasa mniambie, wazee. Wakati huo Patroba alikuwa wapi?"

"Alikuwa Burma!" Lynette alipaza kile kidogo kilichobaki cha sauti yake. "Kuka, babu yetu, alikuwa Burma! Angetengenezaje hiyo pesa na yeye yuko Burma?"

Minong'ono ikapanda kama maji ya uji. Pasta alitazama saa, akatazama mawingu, akafunga Biblia. Hata vijana wa jeneza walisogea kuuona ubao.

"Nani anajua kama hilo duka lilifungwa wakati huo?" aliuliza mzee mmoja. "Mtu anaweza kuja na ubao wowote."

Hapo ndipo Osiako, ambaye hapendi mtu mwingine ajue jambo asilolijua yeye, alipojibu kabla ya kufikiri.

"Lilifungwa. Hiyo ni kweli. Babangu alikuwanga anaenda huko, akasema safari ya mwisho alikuta mlango umepigwa misumari na vita haijaisha. Alirudi bila chumvi."

"Basi!" Cheruiyot alipiga makofi. "Mzee mwenyewe amesema. Patroba hakutengeneza!"

Furaha ikalipuka. Lynette alimkumbatia dadake kwa nguvu, na bati la biskuti likawaumiza wote wawili mbavuni. Mideva alijua kwamba hii ni habari njema. Aliitafuta furaha yake mahali inapokaaga, hakuikuta.

Lakini mzoea kukata kesi hakosi panga la pili. Fimbo iligonga chini tena.

"Ngojeni. Kama si Patroba, ni nani? Pesa haijitengenezi kama uyoga." Osiako aligeuka polepole, akiwapitia watu mmoja mmoja. "Kiapo kilisema aliyetengeneza na aliyeweka. Sylvanus aliweka. Hilo bati hapo, mnaliona wote. Mkinipa mtengenezaji, nitasema Sylvanus aliweka akimtafuta, na atalala ndani ya boma yake leo. Mkikosa, kiapo kinabaki vile kilikuwa. Mimi sikukiweka, mimi nakilinda tu."

Furaha ilikatika kama taa za mtaani.

Cheruiyot alimsogelea Mideva. Safari hii hakupiga kelele.

"Dada, pole sana. Sikia. Babako hajawahi kukueleza vile alikuwanga anajua noti ya bandia?"

"Hakunieleza kitu. Alisema ni mambo ya wazee."

"Ya kweli ni karatasi moja. Hii bandia iko na ngozi mbili. Upande wa mfalme ulichapwa peke yake, upande wa nyuma peke yake, halafu zikabandikwa na uji wa muhogo. Ndiyo maana mende wanapenda kuzila." Aligusa ubao, akaonyesha uso mdogo chini ya msumari. "Na mwenye kuchonga hakuwa fundi sana. Ona sikio la mfalme liko wapi. Lakini babako hakushughulika na uso. Alishughulika na gundi. Alisema aliyebandika alitumia vidole, na alama ya vidole iko ndani mpaka leo. Ukishika juu ya jua unaiona."

"Na yeye aliiona?"

Cheruiyot aliuegemeza ubao kwenye nguzo ya lango.

"Mwaka juzi alinipigia simu. Akasema, 'Cheruiyot, nimeujua mkono.' Nikamuuliza wa nani. Akakata. Kutoka siku hiyo hakushika simu yangu tena, na hakununua noti nyingine hata moja. Nilidhani tumekosana."

Mideva alifungua bati. Harufu ya babake ilimtokea, tumbaku na karafuu, na aliipokea bila kutikisika. Alichukua shilingi ya juu kabisa, iliyokuwa imechakaa kuliko zote kwa kushikwashikwa, akaiinua kwenye jua la adhuhuri.

Uso wa mfalme ulififia, maandishi yakafifia, na kitu kingine kikajitokeza ndani ya karatasi. Michirizi. Ilikuwa imepinda kama upinde, upinde mmoja ukiufuata mwingine, ikitoka kulia kwenda kushoto. Mistari miwili, pengo, mstari mmoja. Kisha tena, mistari miwili, pengo, mstari mmoja.

Alishusha mkono. Akauinua tena. Haikubadilika.

Msomaji, kama hukulelewa katika nyumba ya udongo utaona huo ni uchafu tu wa gundi. Mideva alilelewa humo. Kila likizo alichanganya udongo na samadi, akapiga magoti kando ya nyanyake, wakaisiriba nyumba kwa viganja, vidole vikiacha pinde zake ukutani. Kila mwanamke na pinde zake, na mwanamke haibi za mwenzake. Za nyanyake zilitambulika kutoka barabarani. Alisiriba kwa mkono wa kushoto, na kidole chake cha pete kilikatwa na mundu akiwa msichana, kikabaki kimekunjika, hakigusi ukuta. "Kukhu, ukuta wako umeng'oka jino," Mideva mdogo alizoea kumtania. Na bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kukhu Nasambu. Mama mzazi wa Sylvanus, mjane wa Patroba.

Alikuwa amekaa pale pale chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Amepita miaka tisini na kitu, masikio yako sawa, macho hayajambo. Ukoo mzima ulimheshimu kwa jinsi alivyovumilia aibu ya mumewe. Kanisa lilikuwa limeshasema wazi: siku yake ikifika, atalazwa mbele ya mlango, na kwaya tatu zitaimba.

Akitajwa sasa, atalala nje.

Asipotajwa, atalala nje mwanawe.

"Umeona nini?" aliuliza Osiako.

Mideva aliikumbuka ile simu ya babake. Nimeujua mkono. Kwa hiyo aliujua. Aliujua, akafunga bati, akanyamaza, akaanza kuugua, na hakuna siku aliyowaambia wanawe jambo. Alikubali kwenda kulala kando ya kijia cha mtoni badala ya kufungua mdomo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe imevunjika.

Hasira ikampitia Mideva. Ilikuwa ndogo, ya mbali, lakini ilikuwa kitu. Baba, ungeniambia. Ungeniambia hata mimi mmoja.

"Dada, umeona?" Cheruiyot alimnong'oneza.

"Sioni kitu," alisema Mideva.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ni uchafu tu. Gundi."

Aliirudisha shilingi ndani ya bati na kulifunga. Lynette alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mideva! Baba anaenda kulala kwa njia ya mto na wewe unasema gundi? Hata kulia hujalia! Wewe ulimpenda huyu mzee kweli?"

Mideva alilikaza bati kifuani. Alimpenda. Alimpenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua, na hakuwa na namna ya kulithibitisha hilo mbele ya umati.

Osiako alipumua, na ukimsikiliza vizuri, msomaji, pumzi hiyo haikuwa ya huzuni.

"Basi. Tumetafuta, tumekosa. Mgeni, asante kwa ubao wako. Vijana, inueni."

Jeneza likapanda mabegani. Pasta akaanza wimbo kwa sauti ya chini. Mguu wa kwanza wa Bravin ulivuka lango.

"Msimamisheni huyo mtoto wangu."

Sauti haikuwa kubwa. Lakini ni sauti iliyokuwa imewatuma wote hao sokoni walipokuwa wadogo, na miguu iliitii kabla ya vichwa kuelewa. Kukhu Nasambu alikuwa amesimama. Kiti chake kilianguka nyuma, hakuna aliyekiokota.

"Kukhu, kaa," Mideva alimkimbilia. "Kaa chini, jua ni kali. Tafadhali, Kukhu."

Bibi alimshika mkono.

"Umeona," alisema polepole. "Wewe hujui kudanganya. Hata ile siku ulimaliza sukari guru yangu, ulisimama hivyo hivyo, macho kavu, ukasema hujaona kitu."

"Kukhu, nakuomba."

"Nipeleke kwa mtoto wangu."

Nani angemkataza? Walitembea pamoja mpaka langoni, hatua fupi fupi, na umati ukawapisha. Pembeni mwa lango palikuwa na ndoo ya udongo mwekundu uliokorogwa tayari kwa kuzibia kaburi. Bibi aliinama, na kabla mtu hajajua anataka nini, mkono wake wa kushoto ulikuwa umezama ndani yake mpaka kifundoni.

"Mshusheni."

Wakashusha.

Alipapasa ubao wa jeneza, laini, wenye vanishi mpya. Kisha akasiriba. Upinde mmoja, wa haraka, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu aliyefanya kazi hiyo jana.

Mistari miwili, pengo, mstari mmoja.

"Mgeni," alimwambia Cheruiyot bila kumtazama. "Toa ile noti kwa bati. Shika kwa jua. Linganisha."

Cheruiyot alitoa. Akashika. Akampitishia mzee aliyekuwa karibu. Wazee walipokezana ile shilingi, kila mmoja akitazama juu, kisha jeneza, kisha chini.

Mtu fulani jikoni aliangusha sufuria.

"Ni mimi nilibandika," alisema Kukhu Nasambu. "Patroba alikuwa vitani. Pesa yake ya jeshi haikufika, mwaka ulikuwa mbaya, mahindi hakuna. Nilikuwa na mtoto mgongoni analia njaa mpaka anaacha kulia, na akiacha ndipo ninaogopa. Nikaletewa karatasi zimeshachapwa, upande huu na upande huu. Nikaambiwa, bandika, utapata mahindi. Nikabandika vile nilikuwa najua. Mimi sikuwa na ufundi mwingine wa mkono isipokuwa kupaka nyumba."

Aligusa jeneza tena, pale ambapo kichwa kingekuwa.

"Mtoto mwenyewe ndiye huyu."

Lynette alikaa chini kwenye majani bila kuchagua mahali.

"Na Kuka Patroba?" Mideva alijisikia akiuliza. "Alijua?"

"Alirudi, akazikuta ndani ya kapu langu. Akashika moja kwa jua. Hakuniuliza. Aliujua huo mkono, si ndio ulimpakia nyumba? Akazihamisha kwa sanduku lake. Askari walipokuja alisema zangu. Nikataka kuongea. Akaniangalia, akaangalia mtoto. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka mtoto akazeeka, mpaka akafa. Sylvanus naye aliponiambia amejua, nikamwomba anyamaze. Leo mjukuu wangu pia ananyamaza. Inatosha. Mimi nimechoka kulindwa na watu wanaokufa."

Mideva alihisi ncha za vidole vyake zikimchoma, kama ganzi inapoanza kutoka na maumivu kukumbuka njia. Uchungu ulianzia mikononi. Hakuukaribisha, wala hakuufukuza.

Osiako ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa haraka ambayo haikuwa tabia yake. Mtu huyu, msomaji, huchukua asubuhi nzima kuamua kesi ya mbuzi.

"Imetosha, tumesikia. Sylvanus alale ndani. Vijana, chimbeni mbele ya mlango, haraka haraka. Na wewe Mama, kiapo unakijua. Siku yako ikifika utatafutiwa mahali kule nje. Maneno yamekwisha. Pasta, endelea."

"Hayajaisha," alisema Cheruiyot. "Mama amesema aliletewa. Zililetwa na nani?"

"Nimesema yamekwisha! Mnataka kumuua mama wa watu kwa maswali?"

"Niache, nimejibu maswali ya njaa, ya watu hayaniui," alisema Kukhu Nasambu. Alimgeukia Osiako, mkono wake mwekundu ukidondosha udongo kwenye viatu vya mzee huyo. "Nitalala nje, sikatai. Nitalala karibu na mume wangu, ni mahali pazuri. Lakini mkono uliobandika ni wangu. Uso wa mfalme si wangu. Mimi sijawahi kuchonga hata mwiko."

"Ni nani aliuchonga, Kukhu?" aliuliza Mideva.

"Yule aliyekuja kusimama juu ya kaburi la Patroba akawalisha watu kiapo."

Kila mzee pale alijua ni nani aliyewalisha watu kiapo. Walitazama ardhi, kila mmoja na kipande chake.

Mideva hakutazama ardhi. Alitazama ubao wa kaunta ulioegemezwa kwenye nguzo ya lango, na ule uso mdogo chini ya msumari. Sikio la mfalme lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa taya. Alilitazama kwa muda. Maji yalikuwa yakimtiririka mashavuni mpaka shingoni, na watu wote waliyaona, isipokuwa yeye mwenyewe.

Kisha akainua macho.

Mzee Osiako alikuwa amesimama pale pale, wima, fimbo ya babake mbele yake. Ila sasa hakuwa ameiegemea. Alikuwa amekifunika kichwa cha fimbo kwa kiganja, kwa nguvu.

Jeneza bado lilikuwa juu ya mawe, nusu ndani ya boma, nusu nje.

"Mzee," alisema Mideva, na sauti yake ilitoka imepasuka, nzito, sauti ya mtu anayelia. "Toa huo mkono juu ya fimbo, watu waone masikio."